Halloween yetu ya kwanza kwenye nyumba mpya: watoto wakigonga niwape nini?

Shangazi, shikamoo, na assalaam alaykum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi pembezoni mwa Columbus, Ohio. Miaka yote tulikuwa kwenye nyumba za ghorofa za kupanga, na tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween watoto wanapovaa vinyago na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, hakuna aliyegonga mlango wetu. Mwaka huu tumehamia nyumba yetu wenyewe, mtaa wenye familia nyingi. Tangu mwezi uanze majirani wamepanga maboga vibarazani, wengine wametundika mifupa ya plastiki mitini. Jirani wa kulia ameniambia nijiandae, watoto huwa wengi.

Mimi na mume wangu tumeshazungumza. Wanetu hawatavaa vinyago wala kuzunguka, hilo limekwisha. Ila mtoto wa jirani akija mlangoni hatutaki aondoke mikono mitupu, kwa hiyo tutawasha taa na kumpa kitu. Shida yangu ni hicho kitu chenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga, na ningependa kuwapa kashata za nazi na za karanga, na visheti, nivifunge kwenye vimfuko vizuri vya utepe. Mume wangu anasema Wamarekani hawatakula. Halafu nasikia mtoto wa nyumba ya nne kutoka kwetu ana aleji kali ya karanga, mama yake hatoki bila sindano ya adrenalini. Na kuna suala la jelatini, kile kigandisho cha pipi kinachotokana na wanyama: mtaani tuna familia za Kisomali, sitaki niwe mimi niliyempa mtoto wa Kiislamu kitu chenye nguruwe.

Nimeshanunua mfuko mmoja wa vipande 150, mchanganyiko wa chokoleti za Reese's, Kit Kat, Hershey's na Almond Joy. Sijaufungua. Nimebakiwa na dola 40. La mwisho, mji wetu umetangaza kuwa watoto watazunguka saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na magharibi inaingia humo katikati. Je, niache bakuli nje tukasali?

Mama wa Watatu, Ohio

*

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Hongera ya nyumba.

Nianze na kashata, maana naona ndipo moyo wako ulipo. Usizigawe mlangoni usiku ule, za karanga, za nazi, wala visheti. Mumeo amesema hawatakula, na ni kweli, ila ladha haihusiki hata kidogo. Mtoto atasimama mbele yako nusu dakika tu. Anayeamua kama kitu chako kitaliwa ni mzazi wake, naye huamua baadaye, nyumbani kwake, wewe haupo wa kumweleza. Ndoo ya pipi humwagwa mezani na mzazi huchambua kipande kimoja kimoja. Kilichofungwa kiwandani na karatasi haijachanika hubaki. Kilichofungwa kwa mkono hutupwa, hata utepe wake ukiwa wa hariri. Kwa hiyo unapochagua cha kutoa, mfikirie kwanza huyo mkaguzi wa mezani. Akitazame mara moja akitambue, na akitaka kujua kimetengenezwa kwa nini, apate pa kusoma.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 1974, Deer Park, Texas, baba mmoja aitwaye Ronald Clark O'Bryan alimpa mwanawe pipi ya unga iliyotiwa sianidi usiku wa Halloween ili apate fedha za bima. Mtoto akafa, na baba mwenyewe akatekelezewa hukumu ya kifo mwaka 1984. Muuaji alikuwa mzazi, lakini nchi nzima ilibaki na picha ya mtu asiyejulikana anayegawa sumu mlangoni. Mwanasosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amechambua taarifa za visa vya namna hii kuanzia mwaka 1958, na hajapata hata kimoja kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa au kuumizwa vibaya na mgawaji asiyemjua. Hata hivyo wazazi wameshazoea kutupa, na hakuna atakayekuja kwako kuuliza kabla hajatupa.

Kashata zenyewe pia zina mambo. Ya karanga haihitaji maelezo, ukimkumbuka mtoto wa nyumba ya nne. Ya nazi ina utata wake: hadi Januari 2025 FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliihesabu nazi kundi moja na lozi na korosho katika vyakula vya aleji. Sasa imeitoa humo, lakini wazazi wengi wanaendelea kuikwepa. Visheti vina ngano, na wengi wetu huvikanda kwa maziwa au samli. Tena vyote vinapikwa jiko moja, kwa mwiko mmoja, na kwa kinu au mashine iliyosaga karanga asubuhi yake. Na kama ulishafikiria ubuyu wa rangi uliotumiwa kutoka nyumbani, jibu ni hilo hilo. Mbegu ya ubuyu ni ngumu, na mtoto mdogo inampalia kwa urahisi.

Kashata zako zina siku yake. Zipike wiki inayofuata, zipange kwenye sahani, umpelekee jirani wa kulia mkononi, mtu mzima kwa mtu mzima, umwambie kilichomo: karanga, sukari, iliki. Hapo zitaliwa, na sahani itarudi na kitu.

Sasa mfuko uliokwisha kuununua. Kama risiti unayo, urudishe. Maduka mengi makubwa ya huko hupokea mfuko ambao haujafunguliwa. Reese's ni siagi ya karanga, na Almond Joy ina lozi na nazi, kwa hiyo sehemu kubwa ya vipande hivyo 150 huwezi kuviweka mbele ya yule mtoto. Watu wengi hudhani watavichambua tu, karanga huku na visivyo na karanga kule. Shida ni kwamba vimesafiri pamoja mfuko mmoja, na kipande kimoja kikipasuka, unga wake hupaka karatasi za vingine vyote. Ukishindwa kuurudisha, Reese's na Almond Joy mpe mumeo apeleke kazini. Kit Kat na Hershey's unaweza kuzitoa, ila mzazi akikuuliza, mwambie wazi kuwa zimetoka kwenye mfuko wa mchanganyiko.

Sheria ya Marekani inataka vyakula 9 vya aleji vitajwe waziwazi kwenye lebo: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, jamii ya lozi na korosho, ngano, soya, na ufuta, ambao uliongezwa tangu Januari 2023. Geuza mfuko, usome orodha yote ya viambato: majina hayo yatakuwa ndani ya orodha yenyewe, au mwisho wake baada ya neno Contains. Hilo ndilo la kulitegemea. Maneno May contain, yanayoonya kwamba huenda karanga zimeingia kwa bahati mbaya kiwandani, hayalazimishwi na sheria. Kiwanda kinaweza kuyaandika au kuyaacha, kwa hiyo usidhani kukosekana kwake ni hakikisho.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata watu makini. Chukua kipande kimoja kidogo mkononi ukigeuze. Kwenye vingi hakuna orodha ya viambato hata kidogo, kuna sentensi ndogo tu isemayo kipande hicho hakikuandaliwa kuuzwa peke yake. Orodha ilibaki kwenye mfuko mkubwa, na mfuko mkubwa wewe umeutupa. Mama wa yule mtoto akifika nyumbani hana pa kusoma, atakitupa. Kwa hiyo ukifungua mfuko, kata kwa mkasi ile sehemu yenye orodha, uibandike kwa gundi ya karatasi pembeni ya mlango, usawa wa macho ya mtu mzima. Wazazi watapiga picha kwa simu na kuendelea na safari. Ni kazi ya dakika mbili, na sijaona kitu kingine cha bei ya bure kinachowapunguzia wazazi hawa wasiwasi kiasi hicho.

Na usimalize kwa kusema, pipi hii naijua, haina karanga. Vipande vidogo vya Halloween, na vile vilivyotiwa umbo la boga au popo, mara nyingine hutengenezwa kiwanda tofauti na pipi ya kawaida ya jina hilo hilo, kwa viambato vilivyobadilishwa. Soma mfuko unaoununua mwaka huu.

Ununue nini basi? Kwa mtaa wako ningeanza na Smarties za Marekani. Usizichanganye na Smarties za Nestlé tulizozizoea kwetu, ambazo ni chokoleti za rangi. Za Marekani ni vidonge vidogo vya sukari vilivyopangwa ndani ya karatasi angavu iliyosokotwa ncha mbili. Hazina hata kimoja kati ya vile 9, na hazina jelatini. Dum Dums, pipi ndogo za kijiti zinazotengenezwa huko huko Ohio, mji wa Bryan, nazo ni hivyo hivyo. Hizi mbili peke yake zinakutatulia karibu kila shida uliyoniandikia, na bei yake kwa kipande ni ndogo kuliko chokoleti. Chokoleti yoyote ya maziwa, hata isiyo na karanga, inamwacha nje mtoto mwenye aleji ya maziwa, nao wapo.

Lakini sitakuambia uache chokoleti kabisa, maana ndiyo watoto wengi wanayoipenda zaidi, na furaha ya mtoto nayo ina haki yake. Tafuta mfuko wa aina moja, si mchanganyiko: Kit Kat tupu, au Hershey's ya maziwa tupu. Jua pia kwamba chokoleti ilipanda bei. Mavuno ya kakao ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya, na mwishoni mwa 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 sokoni. Viwanda vingine vikapunguza uzito wa mfuko badala ya kuongeza bei, kwa hiyo usilinganishe mifuko kwa ukubwa wa macho. Tafuta idadi ya vipande, ugawanye bei kwa idadi hiyo. Mfuko usioandika idadi, ulioandika wakia tu, uache kama kuna mwingine unaoiandika.

Jelatini. Lebo ya Marekani ikiandika gelatin bila kusema imetokana na nini, wewe ichukulie kuwa ya nguruwe, au ya ng'ombe asiyechinjwa kihalali. Utaikuta kwenye pipi laini za kutafuna za umbo la dubu, kwenye marshmallow, kwenye candy corn zile za manjano na machungwa, na kwenye Starburst, ambayo huwashtua wengi kwa sababu haifanani na pipi ya jelatini. Skittles za Marekani hazina. Sour Patch Kids na Swedish Fish ni za kutafuna lakini hazina, kwa hiyo kama unataka kitu laini, anzia hapo, usome lebo tena. Pipi ya jelatini yenye alama ya halali ya taasisi inayotambulika ni sawa. Herufi U ndani ya duara, alama ya kosher ya Wayahudi, inakuhakikishia si nguruwe, basi. Kama inatosha kwako ni jambo la kumuuliza sheikh wenu. Herufi K tupu isiyo na duara wala jina la taasisi haithibitishi kitu, kampuni yoyote inaweza kuiandika.

Hapo juu nimezungumzia vinavyoliwa. Kwa dola zako 40 nataka sehemu iende kwenye visivyoliwa, na hili nalisisitiza. Mwaka 2014 shirika la FARE, linaloshughulikia aleji za chakula, lilieneza nchi nzima kampeni iitwayo Teal Pumpkin Project, baada ya wazo kuanzia kwa kikundi cha familia za mashariki ya Tennessee. Boga lililopakwa rangi ya buluu inayoelekea kijani likiwekwa kibarazani, wazazi wanajua nyumba hiyo ina vitu visivyo chakula. Boga si lazima liwe la kweli. Mwanao akilichora kwenye karatasi na mkalibandika mlangoni, ujumbe unafika. Yule mama wa nyumba ya nne ataliona akiwa bado barabarani, na mwanawe atapanda ngazi zako kama wenzake badala ya kushikwa mkono na kupitishwa.

Bora katika hivyo ni vikuku vya kung'aa gizani. Mkunjie mtoto kimoja hapo hapo mlangoni umvishe: kinawaka, anafurahi, na madereva wanamwona. Usimpe aliye chini ya miaka 3 au anayetafuna kila kitu, maana maji ya ndani huwasha mdomo na macho. Stika, penseli, na pakiti za kalamu za rangi 4 ni salama na hupatikana kwa wingi maduka ya bei rahisi.

Vitu vitatu usinunue ingawa vimejaa rafu. Cha kwanza ni pete na vinyago vinavyomulika kwa betri bapa ya kitufe. Betri hiyo mtoto akiimeza inaweza kuchoma umio ndani ya saa 2. Cha pili ni maputo, kwani puto lisilojazwa au lililopasuka huziba koo, na sheria ya huko inataka yaandikwe onyo kwa walio chini ya miaka 8. Cha tatu ni Play-Doh, ule unga laini wa rangi wa kufinyangia. Ile ina ngano, na watu huiweka kwenye boga la buluu kwa nia njema wakimpa mtoto mwenye aleji ya ngano kile kile anachokimbia.

Wadogo sana watakuja wamebebwa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinataka walio chini ya miaka 4 wasipewe pipi ngumu, karanga, bisi wala ubani wa kutafuna, kwa sababu ya kupaliwa. Dum Dums na Smarties zimo humo. Mpe stika, umpe mkononi mwenyewe, kisha mtazame mzazi kama anataka pipi kwa ajili ya kaka yake.

Hesabu. Muulize jirani wa kulia maswali mawili: mwaka jana walikuja wangapi, na walianza kupungua saa ngapi. Akikosa idadi, kadiria kwa makundi. Kundi la watoto 4 kila dakika 5 kwa saa 2 ni makundi 24, watoto 96. Jiandae kwa 100. Chokoleti ndogo moja inatosha kwa mtoto, na Smarties au Dum Dums mpe mbili. Kwa hiyo ukirudisha ule mfuko, fedha yake nunua chokoleti ya aina moja, vipande kama 70. Katika dola 40, weka 15 kwenye Smarties na Dum Dums, upate vipande visivyopungua 120. Weka 10 kwenye vikuku na stika, kama 50. Na 15 zilizobaki nunua mfuko wa akiba usiofunguliwa mpaka vya kugawa vibaki theluthi. Bei zikikubana, punguza chokoleti kabla hujagusa visivyoliwa. Nunua wiki mbili kabla. Ukingoja tarehe 30, rafu itakuwa na mifuko ya mchanganyiko wenye karanga tu.

Mfuko wa akiba uwe wa karatasi za kawaida, usio na picha za maboga na popo. Usipofunguliwa unarudishwa au unatumika miezi mingi, wakati wa maboga hupungua thamani asubuhi ya tarehe 1 Novemba.

Sasa namna ya kutoa. Wenyeji wengi hutumia bakuli la shimo. Mtoto akiingiza mkono anatafuta anachokipenda, anakoroga, anatoka na konzi, na nyuma yake foleni imesimama. Wewe una sinia, naamini, ile kubwa ya pilau. Ipange: upande mmoja chokoleti kwa mistari, upande wa pili Smarties na Dum Dums, kila kitu kimelala chali jina likionekana juu. Ukiishika usawa wa kifua cha mtoto, yeye na mzazi wake wanaona vyote mara moja. Anachagua kwa kidole, wewe unampa. Visivyoliwa viwe kwenye chombo kingine kabisa, kapu au sahani, na ashike mtu mmoja asiyegusa chokoleti. Kazi hiyo mpe mwanao mkubwa. Aliyekula karanga jioni hiyo anawe kwa sabuni na maji kwanza. Dawa ya kupaka mikononi haiondoi protini ya karanga.

Usimlazimishe mtoto aseme yale maneno yao ya mlangoni, trick or treat, ndipo umpe. Wapo wasiozungumza, wapo wenye haya, na wapo waliofika nchi hiyo mwezi uliopita. Vijana wa miaka 15 na 16 bila vazi lolote nao wape, kipande kimoja na salamu nzuri.

Magharibi ni rahisi kuliko unavyodhani. Columbus, tarehe 31 Oktoba jua hutua kama saa 12 na nusu jioni, na huo ndio wakati wa wageni wengi. Ukiacha bakuli lililojaa, kundi la tatu au la nne litalikuta tupu. Mna njia mbili. Mkiweza kupokezana, mumeo asali kwanza wewe ukiwa na sinia, kisha mbadilishane. Mkitaka kusali jamaa, zimeni taa ya kibarazani dakika 15. Mtaani huko taa iliyozimwa maana yake nyumba hii haigawi, na watoto watapita bila kugonga. Mkiiwasha tena wataanza kuja. Ukilazimika kuacha kitu nje, acha vipande 12 tu, vya Smarties, juu ya kiti na si sakafuni. Mbwa wanaotembezwa na watoto wananusa kila chombo, na chokoleti ni sumu kwao, sawa na xylitol, kitia utamu kilichomo kwenye baadhi ya pipi zisizo na sukari. Saa 2 ikifika, zimeni taa hata kama sinia ina vitu.

Ndugu zenu wa Texas na Arizona wakiuliza, waambie huko joto la jioni bado linalainisha chokoleti. Waanze na Dum Dums, na wasiache mfuko ndani ya gari. Kwenu Ohio baridi itakuwa imeanza, msiweke tu sinia karibu na hita.

Zitakazobaki, toa kwanza za wanao, chache, kisha chokoleti ziweke kwenye kopo lenye mfuniko mahali pakavu na baridi. Ukiwa na safari ya Tanga Desemba, pakia Dum Dums na Smarties. Chokoleti iache huko huko. Itafika Tanga imeyeyuka na kuganda upya, ina ukungu mweupe juu, na watoto wa dada yako wataidhani imeharibika.

Shangazi